Shangazi, nimehesabiwa kwenye chungu kisicho changu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mjane, mwaka wa nne huu, nina watoto watatu. Ni mkulima wa bondeni huku Rufiji, upande wa kusini ukishavuka Daraja la Mkapa. Kijiji sikitaji, sababu utaiona mbele.

Maji yalipokuja mwezi wa nne huu wa 2024 tulikuwa shamba, kwenye dungu. Kama wewe ni mtu wa huku unajua, kwa wengine wetu dungu si la kulindia ndege tu, ndiyo nyumba yenyewe. Nilikuwa na eka mbili na nusu za mpunga, masuke yameshainama, nahesabu wiki. Maji hayakuja kwa kishindo. Yalikuwa yanapanda usiku kucha kama mtu anajaza pipa, na alfajiri nikatazama ngazi nikaona vimebaki vidato viwili. Jirani mmoja wa mashamba ndiye aliyetutoa kwa mtumbwi wake. Nilitoka na watoto, simu na kanga niliyojifunga. Magunia mawili ya mpunga wa mwaka jana, kuku, kitambulisho changu, cheti cha kuzaliwa cha mdogo wao, vyote vilikwenda na mto.

Tukapanda kijijini kwa kaka yangu. Nyumba yake iko juu, maji hayakuifikia. Nashukuru alitupokea.

Siku ya tatu akaja mwenyekiti wa kitongoji na daftari kuandikisha waathirika. Huyu mwenyekiti ni mjomba wetu, tumbo moja na mama. Mimi nilikuwa nimekwenda kuteka maji. Akamuuliza kaka, "Humu mko wangapi?" Kaka akasema tisa. Wao watano, sisi wanne. Ikaandikwa kaya moja, watu tisa, mkuu wa kaya kaka.

Msaada wa kwanza ulifika baada ya siku kumi na mbili. Kaka akaenda akatia saini, akarudi na unga, maharage, mafuta ya kula, ndoo, mablanketi mawili na godoro moja. Wifi akanipimia unga kisado kimoja, akanipa blanketi moja. Godoro walilalia wao. Sikusema kitu, mgeni haulizi. Lakini baadaye watoto waligombana, wakubwa tukaingilia, yakasemwa yaliyosemwa. Nikachukua wanangu nikaenda kulala darasani shuleni na waathirika wenzangu, na madarasa yalipohitajika tukapewa turubai. Ndimo nilimo mpaka leo. Kaka yuko kwake chini ya bati, na daftarini bado tuko tisa kwake.

Nimekwenda kwa mtendaji wa kijiji mara tatu. Mara ya kwanza yuko kikaoni wilayani. Mara ya pili orodha imeshakwenda kata. Mara ya tatu akaniambia, "Mama, subiri tathmini ya pili." Nikauliza ya pili lini? "Ikija mtajulishwa." Mjomba naye nilipomfuata akanijibu mbele za watu, "Wewe si uko kwa kaka yako? Unataka nikuandike mara mbili nifungwe?" Mkutano wa kijiji ulipoitishwa sikwenda. Ningekwenda kukaa mbele ya mjomba nifanye nini?

Sasa kuna mengine mawili. Mwanangu mkubwa yuko kidato cha tatu, amerekodi video ya turubai letu na ya nyumba ya kaka, anamtaja na mjomba kwamba anakula msaada, anataka kuirusha mtandaoni. Nimemzuia kwa sasa. La pili, vijana hapa wanasema maji yametoka Bwawa la Nyerere, la umeme, huko juu ya mto, kwa hiyo lazima tulipwe fidia, na atakayeshuka kulima sasa atajiharibia, ataambiwa hakuathirika. Wengine wameshashuka, maji yamerudi mtoni, udongo uko tayari. Mimi nimekaa naogopa. Mbona wa Katesh, walioporomokewa na Mlima Hanang, walisaidiwa upesi?

Nikisema mimi ni kaya yangu, nimemchoma kaka kwamba alichukua cha watu wasio wake. Mama yetu yu hai na ana presha. Nikinyamaza, wanangu wanalala chini. Nifanyeje?

Mama wa watatu, Rufiji

*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na kila nikifika pale pa "nilikuwa nimekwenda kuteka maji" nasimama. Shida yako yote imezaliwa hapo. Mtu mmoja amekosekana mlangoni kwa nusu saa, daftari limefungwa, na sasa ni mwezi wa sita.

Nianze na kaka, maana naona ndiye anayekunyima usingizi kuliko mtendaji. Kaka yako hakuiba. Aliulizwa humu mko wangapi, akahesabu vichwa, akajibu kweli. Swali ndilo lililokuwa bovu. Kaya si watu waliolala chini ya bati moja usiku wa maafa. Kaya ni wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja, na hata makarani wa sensa ya 2022 walihesabu hivyo. Wewe ulikuwa na chungu chako, kiko kwenye dungu lako, kikachukuliwa na mto. Kwa kaka ulikuwa mkimbizi wa siku chache. Mwandikishaji alitakiwa aulize "nani kati yenu ametoka bondeni?" na hakuuliza.

Na hili si lako peke yako. Watu wa Rufiji wana makao mawili tangu zamani, juu kijijini na chini bondeni. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamishia watu juu, ile iliyoitwa Operesheni Rufiji, lakini chakula kilibaki chini, na watu wakawa wanashuka na kupanda kufuata msimu. Ukija na daftari ukahesabu nyumba zilizoanguka kijijini, utakuta chache, utaandika "madhara ya wastani", na utakuwa umemruka mtu aliyepoteza kila kitu kwa kuwa alichopoteza hakikuwa na bati. Dungu likichukuliwa na maji haliachi hata kifusi cha kupigia picha.

Ndiyo maana sitaki uende kumshtaki mtu. Nataka uende kuomba kutenganishwa kaya. Shika maneno hayo. Ukipeleka malalamiko, mjomba atajitetea, kaka atajitetea, mtendaji ataita kikao cha usuluhishi, na watoto wataendelea kulala chini. Ukipeleka ombi la kurekebisha orodha, hujamwita mtu mwizi, na aliyeandika ana nafasi ya kusahihisha bila kuaibika. Wala huombi kuandikwa mara mbili kama mjomba alivyosema. Unaomba tisa wawe watano na wanne. Jumla haibadiliki hata kichwa kimoja. Hesabu hiyo mwambie mjomba kwa upole, akiwa peke yake, si mbele za watu kama alivyokufanyia yeye.

Lakini kabla ya karatasi, nenda kwa kaka. Nenda na mama. Najua ana presha, ila presha yake haitapanda kwa kukaa katikati ya wanawe wawili wakisemezana. Itapanda akisikia habari sokoni. Usianze na godoro. La godoro linauma, hata mimi limeniuma, lakini kilichokwisha liwa na kilichokwisha laliwa kiache. Anza na shukrani kwamba alikupokea, kisha mwambie unataka kuandikwa mwenyewe, na unaomba yeye ndiye aende na wewe kwa mjomba akaseme, "Dada na watoto walitoka bondeni, mimi niliwahifadhi tu."

Hapa nikuonye, usije ukashtuka. Anaweza kusita, na si kwa ubaya. Ukitoka kwenye kaya yake, wataanza kujiuliza yeye mwenyewe ameathirika na nini, maana nyumba yake haikuguswa. Kama naye alikuwa na shamba bondeni, ni mwathirika wa mazao, abaki na watu wake watano. Kama hakuwa nalo, jina lake linaweza kutoka kabisa. Mwambie hilo mapema wewe mwenyewe, asilisikie ofisini. Akikubali, umepata shahidi. Akikataa, mpe salamu uondoke, na barua uandike vilevile. Humtaji kwa ubaya popote ndani yake.

Barua iwe fupi, kwa mkono tu inatosha, nakala mbili:

"Mtendaji wa Kijiji. Yah: Ombi la kutenganishwa kaya katika orodha ya waathirika wa mafuriko. Mimi (jina kamili na namba ya NIDA) nilikuwa nikiishi na kulima bondeni (taja eneo) na watoto wangu watatu. Tarehe (…) Aprili 2024 dungu langu na eka 2.5 za mpunga vilichukuliwa na maji. Siku ya uandikishaji nilikuwa nimehifadhiwa kwa kaka yangu na nikaandikwa katika kaya yake. Naomba niandikwe kama mkuu wa kaya ya watu wanne. Mashahidi: (aliyetutoa kwa mtumbwi, jirani wa shamba, kaka yangu). Naomba nijulishwe kwa maandishi ombi langu limefikia wapi. Nakala: Mtendaji wa Kata."

Kitambulisho kimekwenda na maji, namba haijaenda. Kama huikumbuki, itafute ulikosajilia laini ya simu au ulipowahi kuiandika, shuleni kwa watoto pengine. Kisha pita polisi uandikishe upotevu wa kitambulisho na cheti, hiyo karatasi utaihitaji huko mbele.

Nakala moja muachie mtendaji. Ya pili akugongee muhuri na tarehe, urudi nayo kwenye turubai, uiweke ndani ya mfuko wa nailoni. Akisema muhuri hauko, rudi kesho. Akisema "subiri tathmini", mjibu kwamba unasubiri, ila unaomba barua yako isubiri ikiwa na muhuri. Umekwenda mara tatu mikono mitupu, mwanangu, na ofisini mtu aliyekuja mikono mitupu ni kama hakuja. Hakuna mahali pameandikwa kwamba ulifika.

Zikipita wiki mbili kimya, peleka nakala kwa mtendaji wa kata, kisha wilayani. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 kamati za maafa ziko ngazi hadi ngazi, na ya wilaya inaongozwa na mkuu wa wilaya. Wewe si wa kuomba hisani kule. Unapeleka marekebisho ya takwimu zao wenyewe.

Halafu la mkutano. Asiyekuwepo na lake halipo, unaijua, na bado hukwenda. Sikukaripii sana kwa sababu naelewa kukaa mbele ya mjomba aliyekudhalilisha. Lakini mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa kawaida unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, ndipo mahali pekee ambapo mwanakijiji asiye na cheo anaweza kunyoosha mkono akaomba orodha isomwe kwa sauti. Majina yakisomwa mbele ya watu, yale ya watu wasiokuwa na hata jaruba bondeni yanaanza kukohoa yenyewe. Usiende peke yako. Hapo kwenye maturubai hukosi wanawake watatu au wanne walioandikwa kwa kaka, kwa baba mkwe, kwa mume aliyeko Dar na mke mwingine. Nendeni pamoja, mketi pamoja, aongee mmoja.

Sasa fidia. Hapa nitasema lisilowapendeza vijana wako. Neno fidia, msaada na kifuta jasho watu wanayachanganya, na kuyachanganya kunawaweka kijiweni. Msaada ni unga na blanketi, unatolewa kwa huruma na kwa wajibu wa kunusuru maisha. Kifuta jasho huku mnakijua kwa sababu ya tembo: mnyama akila shamba, kuna kanuni ya wanyamapori yenye kiwango chake kwa eka. Mafuriko hayana jedwali kama hilo. Fidia ni deni, na deni huwa na mdaiwa aliyethibitika. Kuhusu bwawa, serikali na shirika la umeme, TANESCO, walisema milango ilifunguliwa kwa kuwa bwawa limejaa, na kwamba bila bwawa maji yangekuwa makubwa zaidi. Wananchi wengi wa bondeni wanasema walivyoona wao sivyo. Ni hoja nzito, na wenye kuitaka wana haki ya kuipeleka kwa wasaidizi wa kisheria, au Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Ila ni safari ya miaka. Usifunge chungu cha wanao kwenye safari hiyo.

Kwa hiyo shuka ukalime. Aliyesema ukilima utaonekana hukuathirika amekudanganya, hata kama hakukusudia. Ulichopoteza ni mpunga wa Aprili, na mlau wa Juni, kilimo cha unyevu unaobaki maji yakishuka, haufuti mpunga wa Aprili. Kabla hujatia jembe, mwambie kijana wako apige picha ya shamba lilivyo, matope, mabua yaliyolala, nguzo za dungu kama zipo, na jirani yako mmoja asimame hapo. Picha hiyo ina kazi kuliko ile video. Kisha panda mahindi, kunde, maboga, unachokipata. Bibi zako wamekula mlau kila mto ulipowaibia mpunga, na unyevu ule haumsubiri mtathmini. Wiki mbili tatu ukichelewa udongo umekauka, na hapo ndipo utakuwa umepata hasara ya pili ambayo hata daftari zuri haliwezi kuiandika. Mbegu kama huna, kopa kwa walioshuka mapema, mlipane mavuno. Ila msilale bondeni sasa hivi. Maji yanapoondoka yanaacha mamba kwenye madimbwi, na wewe hilo hujangoja Shangazi akuambie.

Video isirushwe. Turubai lenu ni lenu, mnaweza kulionyesha dunia nzima mkitaka. Lakini kumtaja mtu kwamba anakula msaada bila ushahidi, tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na ina kifungu cha taarifa za uongo. Mtoto wa kidato cha tatu asiingizwe huko kwa hasira za mama yake. Zaidi ya hapo, wewe kwenye barua hukuniambia umemwona mjomba akila kitu. Umeniambia aliandika vibaya na akajibu vibaya. Hayo ni makosa, si wizi. Siku ukiona gunia la msaada linauzwa dukani, au mtu anaombwa hela ili aandikwe, hilo ni la TAKUKURU, wanaopambana na rushwa, piga 113, ni bure.

Na Katesh. Swali lako ni la haki, na wengi wananiuliza. Yale maporomoko ya Desemba 3, 2023 kutoka Mlima Hanang yalishuka asubuhi moja, yakafukia mji, watu zaidi ya themanini wakafa. Rais alikuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi akakatisha ziara. Kamera zote zilikuwa pale. Nyie maji yenu yalipanda polepole, yakala mashamba kuliko watu, na yalikuja wakati nchi nzima inavuja: Aprili 25 Waziri Mkuu alilieleza Bunge kuwa mvua zimeua watu 155 na kugusa kaya zaidi ya 51,000, Kilimanjaro hadi Morogoro. Wiki iliyofuata kimbunga Hidaya kikaingia, barabara ya Lindi ikakatika Somanga, macho yote yakahamia huko. Sisemi hayo kumtetea mtu. Siku kumi na mbili kusubiri unga, na gari linatoka Dar kwa lami mpaka kwenu, ni nyingi mno, na tathmini ya pili isiyo na tarehe si jibu la mtu mzima kwa mtu mzima. Ila usiwaonee kijicho wa Katesh. Miezi sita baada ya maafa yao, nao nyumba walizoahidiwa zilikuwa bado zinajengwa.

Nimeona pia umeandika "mgeni haulizi". Kwa kaka yako hukuwa mgeni, mwanangu. Mlangoni pale ulikuwa na haki ya kuuliza hata godoro. Lakini sasa yameshapita, na wifi yako naye alikuwa na watoto wake watatu wa kuwalaza, na unga ule alikuwa akiupima bila kujua mwingine unakuja lini.

Kesho asubuhi anzia kwa mama, kabla jua halijawa kali. Barua iandike usiku huu, kijana akusaidie mwandiko, hiyo itamfaa kuliko kushika simu. Muhuri ukiupata, niandikie uniambie ulisema nini na wao wakasema nini, na mjomba alikujibuje ulipompigia hesabu ya watano na wanne.

Shangazi